Vitabu vya Picha na Majanga ya Taifa: Mwongozo kwa Wazazi, Walezi na Makatekista



Ndugu msomaji, kila mwaka ifikapo tarehe 21 Mei, waamini wengi wa Kanda ya Ziwa huwakumbuka katika sala ndugu zao waliopoteza maisha katika ajali ya meli ya MV Bukoba mwaka 1996. Waliokuwa watu wazima siku ile hawahitaji maelezo marefu. Jina la meli hiyo peke yake linatosha kuwanyamazisha. Lakini mtoto wa darasa la pili, anayesikia jina la babu yake likitajwa katika nia za Misa Takatifu, hajui meli hiyo ilikuwa ipi, wala ilipatwa na nini. Kwa hiyo anauliza. Mara nyingi hupewa jibu moja kati ya mawili: ama anaambiwa anyamaze kwa kuwa hayo ni mambo ya wakubwa, ama anaambiwa kwamba ilikuwa amri ya Mungu. Jibu la kwanza linamwacha peke yake na hofu yake. La pili linamfundisha kuhusu Mungu jambo ambalo Kanisa halilifundishi.

Makala hii inaeleza njia iliyotumika katika nchi mbalimbali kuwasaidia watoto kuyapokea majanga ya taifa kwa ukweli na kwa matumaini, yaani kuwasomea kitabu cha picha. Tutaangalia msingi wake katika imani yetu, mifano ya vitabu vilivyoandikwa, jinsi ya kuchagua na kusoma kulingana na umri, makosa ya kuepuka, na mwishoni namna ambavyo familia au parokia inaweza kutengeneza kitabu chake yenyewe.

1. Kitabu cha picha ni nini?

Kitabu cha picha si kitabu cha maneno kilichopambwa kwa michoro. Ni kitabu ambamo picha na maneno hugawana kazi ya kusimulia, hata ukiondoa kimojawapo simulizi inapungukiwa. Kwa kawaida ni kifupi, mara nyingi kina kurasa 32, na kila ukurasa una sentensi chache tu. Husomwa na mtu mzima pamoja na mtoto, wakiwa wamekaa karibu, na mtoto ndiye anayeamua lini ukurasa ufunuliwe.

Mapokeo ya kufundisha kwa picha si mageni kwa Mama Kanisa. Karibu mwaka 600, Papa Mtakatifu Gregori Mkuu alimwandikia Serenus, Askofu wa Marseille, aliyekuwa ameharibu picha za kanisani mwake. Alimweleza kwamba picha huwasaidia wasiojua kusoma kupata kile ambacho wenye elimu hukipata katika maandishi. Vituo 14 vya Njia ya Msalaba tunavyovitembelea kila Ijumaa ya Kwaresima ni mfano ulio karibu nasi zaidi. Mtoto wa miaka mitano asiyeweza kufuata mahubiri hufuata vituo hivyo, naye husimama mbele ya picha ya Mama akikutana na Mwanae. Kwa hiyo kabla hajaanza shule, mtoto Mkatoliki amekwisha kufundishwa habari ya kifo cha mateso, cha hadharani na kisicho cha haki, kwa njia ya picha.

Kwa upande wa elimu ya shule, kitabu kinachotajwa sana kuwa chanzo cha vitabu vya picha vya watoto ni Orbis Sensualium Pictus cha mwalimu Comenius, kilichochapishwa Nuremberg mwaka 1658. Comenius aliamini kwamba mtoto huelewa kwanza kile anachokiona, na maneno hufuata baadaye.

2. Kwa nini watoto waambiwe?

Wazazi wengi huogopa kwamba kumwambia mtoto habari za janga ni kumwibia utoto wake. Hofu hiyo ni ya upendo na inastahili kuheshimiwa. Hata hivyo, tuzingatie mambo matatu.

Kwanza, mtoto tayari anajua. Amesikia vilio msibani, ameona picha katika simu ya kaka yake, amesikia wenzake shuleni wakisimulia kwa kutia chumvi. Asichokijua ni ukweli uliopangwa vizuri, ukisemwa na mtu anayempenda.

Pili, Maandiko Matakatifu yanauchukulia wajibu huu kwa uzito mkubwa. Katika kitabu cha Kutoka sura ya 12, na tena katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, Mungu anawaandaa wazazi wa Israeli kwa siku ambayo watoto watauliza maana ya ibada na amri. Wazazi wanaagizwa kuwasimulia habari ya utumwa wa Misri na ukombozi. Katika kitabu cha Yoshua sura ya 4, mawe 12 yanatolewa mtoni Yordani na kusimamishwa ili watoto wa vizazi vijavyo wayaone na kuuliza. Tuangalie mpangilio huo: kwanza kuna kitu kinachoonekana, kisha swali la mtoto, kisha simulizi la mzazi. Kitabu cha picha kinafuata mpangilio uleule.

Tatu, kusahau kuna gharama. MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu na mizigo kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 800 walifariki dunia. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Wilaya ya Ukerewe, nacho kilikuwa kimejaza abiria kupita kiasi. Watu 228 walipoteza maisha na 41 waliokolewa. Kuwasimulia watoto hakutoshi kuzuia ajali. Hilo linadai sheria, ukaguzi na uwajibikaji wa wenye mamlaka. Lakini mtoto anayekua akijua kwa nini meli ilizama, atakapokuwa mtu mzima anaweza kukataa kupanda chombo kilichojaa. Anaweza pia kuwa nahodha, mkaguzi au karani wa tiketi anayesema hapana.

3. Mifano ya vitabu kutoka nchi mbalimbali

Vitabu vingi vya aina hii vimeandikwa nje ya eneo letu. Tunavitaja hapa si kwa sababu kila familia itaweza kuvipata, bali kwa kuwa vinaonyesha njia mbalimbali za kumfikishia mtoto jambo zito.

Njia ya kwanza ni kusimulia janga lenyewe kupitia familia moja. Mchoraji wa Japani, Toshi Maruki, alichapisha mwaka 1980 kitabu Hiroshima no Pika, kuhusu bomu la atomiki lililodondoshwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mhusika wake ni msichana wa miaka saba aliyekuwa akipata kifungua kinywa na wazazi wake. Mama anambeba mgongoni mume wake aliyejeruhiwa na kukimbia pamoja na binti yao. Picha zake hazifichi mateso ya watu, na kwa sababu hiyo kinawafaa zaidi watoto wakubwa, tena wakiwa na mtu mzima kando yao. Funzo lake kwetu ni kwamba maelfu ya watu hawaingii moyoni mwa mtoto, lakini baba, mama na binti mmoja wanaingia.

Njia ya pili ni kumwonyesha mtoto waliosaidia. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchini Marekani, Maira Kalman alitoa mwaka 2002 kitabu Fireboat, kuhusu meli ya zimamoto iitwayo John J. Harvey. Meli hiyo, iliyozinduliwa mwaka 1931, ilikuwa imestaafishwa na kukaribia kuuzwa kama chuma chakavu, lakini kikundi cha watu waliipenda na kuinunua. Siku ya shambulio mabomba ya maji mitaani yalikuwa yameharibika, na meli ile kuukuu ikaitwa kuvuta maji ya mtoni kwa ajili ya wazimamoto. Mwandishi haanzi na moto. Anaanza na mji ulivyokuwa, na watu waliokarabati meli kwa furaha. Mtoto anafika penye ukurasa wa huzuni akiwa tayari ana watu wa kuwashika mkono.

Njia ya tatu ni kusimulia huruma iliyotoka mbali, na hapa Afrika Mashariki ina nafasi yake. Kitabu 14 Cows for America cha Carmen Agra Deedy, kilichotoka mwaka 2009 kwa ushirikiano na Wilson Kimeli Naiyomah, kinasimulia tukio la kweli la kijiji cha Enoosaen nchini Kenya. Kimeli, kijana wa Kimaasai aliyekuwa akisoma Marekani, alikuwa New York siku ya mashambulizi. Aliporudi nyumbani mwaka 2002 aliwasimulia wazee yale aliyoyaona. Wamaasai wale, ambao ng'ombe kwao ni uhai na heshima, walitoa ng'ombe 14 kwa watu wa Marekani, wakawabariki ng'ombe hao mbele ya mwakilishi wa ubalozi. Watoto wetu wazoea kuiona Afrika katika picha za wanaopokea misaada. Katika kitabu hiki wanaiona ikitoa faraja.

Kinachofanana nacho ni September Roses cha Jeanette Winter, cha mwaka 2004. Kinahusu dada wawili wa Afrika Kusini waliofika New York na mawaridi yao kwa ajili ya maonyesho ya maua, wakakuta kila kitu kimesimama. Waliyapanga mawaridi hayo katika uwanja wa Union Square kwa umbo la minara miwili iliyoanguka.

Tukilinganisha vitabu hivi vinne, tunaona kwamba hakuna kinachodanganya kuhusu kifo, na hakuna kinachomwacha mtoto na kifo peke yake.

4. Kuchagua na kusoma kulingana na umri

Watoto wa miaka 4 hadi 6. Katika umri huu mtoto hajaelewa vizuri kwamba kifo hakirudi nyuma. Anaweza kuuliza kesho na keshokutwa lini babu atarudi. Pia huweza kudhani kwamba yeye ndiye chanzo, kwa mfano kwa sababu alimkasirikia mtu aliyekufa. Mchagulie kitabu kinachohusu zaidi waliosaidia na waliofariji. Sema maneno mafupi na ya kweli: "Meli ilizama. Watu wengi walikufa. Mtu akifa, mwili wake hauamki tena hapa duniani, nasi tunamwombea kwa Mungu." Usiseme kwamba marehemu "amelala" au "amesafiri", kwa maana mtoto ataogopa kulala, au ataogopa kila unaposafiri.

Watoto wa miaka 7 hadi 9. Hawa wanataka kujua mambo yalivyotokea: meli ilikuwa na ukubwa gani, kwa nini ilipinduka, nani aliwaokoa walionusurika. Jibu maswali haya kwa usahihi. Wengi wao wako katika maandalizi ya Komunyo ya Kwanza, hivyo ni wakati mwafaka wa kuwaeleza kwa nini tunawaombea marehemu katika kila Misa.

Watoto wa miaka 10 hadi 13. Hapa linakuja swali la haki: nani alikosea? Wanaweza kusoma kitabu chenye picha nzito zaidi, na wanaweza kuelewa uzembe, tamaa ya fedha na chuki. Wasizuiwe kukasirika. Wasaidiwe tu ili hasira yao isigeuke chuki kwa kabila, dini au taifa fulani. Tahadhari hii inahusu zaidi majanga yaliyosababishwa na ugaidi, kama milipuko ya tarehe 7 Agosti 1998 iliyopiga balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam siku moja. Mtoto aelezwe wazi kwamba waliotenda ni watu fulani, wala si dini ya jirani yake anayecheza naye kila jioni.

Kabla ya kumsomea mtoto, kisome kitabu chote peke yako. Kama kuna ukurasa unaokutoa machozi, ni afadhali ukujue mapema. Si vibaya mtoto akuone ukilia, kwa maana Injili ya Yohane sura ya 11 inatushuhudia Bwana mwenyewe akitoa machozi kwa ajili ya Lazaro. Ila mtoto asijikute yeye ndiye anayelazimika kukubembeleza.

Wakati wa kusoma, usiharakishe. Mtoto akitaka kubaki katika picha moja, baki naye. Akitaka kuruka ukurasa, mruhusu. Siku nyingine ataurudia. Muulize, "Unaona nini hapa?" kabla ya kumwambia wewe unaona nini. Soma mchana au mapema jioni, si dakika za mwisho kabla ya kuzima taa.

Baada ya kusoma, mpe nafasi ya kuchora au kucheza. Usishangae akiigiza ajali kwa viti na mito. Ndivyo watoto wanavyolichakata jambo. Malizeni kwa sala fupi, kisha kwa shughuli ya kawaida ya nyumbani, ili ajue kwamba maisha yanaendelea na yuko salama.

5. Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza na kubwa zaidi ni kumbebesha Mungu lawama za wanadamu. Tunaposema "ilikuwa amri ya Mungu" kuhusu chombo kilichojazwa kupita kiasi, tunakusudia kufariji. Lakini mtoto husikia jambo jingine: kwamba Mungu ndiye aliyewazamisha watu, na kwamba mkataji wa tiketi hana kosa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 311, inafundisha kwamba Mungu si chanzo cha uovu wa kimaadili kwa namna yoyote, iwe moja kwa moja au kwa njia ya kando; anauruhusu kwa sababu anaheshimu uhuru wa viumbe wake, naye kwa namna ya fumbo anajua kutoa mema hata kutoka humo. Aidha, namba 309 inakiri kwamba swali la kuwapo kwa uovu halina jibu la haraka. Kama Kanisa lenyewe halitoi jibu la haraka, mzazi naye asione haya kumwambia mtoto, "Sijui kwa nini babu alikuwa ndani ya meli ile siku ile. Najua kwamba Mungu hakumwacha."

Kosa la pili ni kuwahukumu waliokufa. Katika Injili ya Luka sura ya 13, watu wanamletea Yesu habari ya Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye mwenyewe anaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Hayo yalikuwa majanga ya taifa lake na ya siku zake. Bwana anakataa wazi dhana kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine, na anawageuzia wasikilizaji swali la maisha yao wenyewe. Uvumi wa laana, mikosi na ushirikina unaozuka baada ya kila ajali kubwa hauna nafasi katika masikio ya mtoto wa Kikristo.

Kosa la tatu ni kuonyesha miili. Picha zinazosambazwa katika simu baada ya ajali zinavunja heshima ya marehemu na kuumiza akili ya mtoto kwa muda mrefu. Mchoro mzuri unaweza kusema "wengi walikufa" kwa kuonyesha viatu vilivyobaki ufukweni, au watu waliosimama wakisubiri.

Kosa la nne ni kulazimisha furaha mwishoni. Kitabu kinachomaliza kwa kila mtu kucheka ni uongo, na mtoto anautambua. Matumaini ya Kikristo hayafuti Ijumaa Kuu, yanaipitia.

6. Kutengeneza kitabu chenu wenyewe

Vitabu vya picha vya Kiswahili vimeongezeka tangu mwaka 1991 ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, lakini vinavyohusu majanga yetu bado ni adimu kuvikuta katika maktaba za parokia na za shule. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, darasa la katekesi au kikundi cha Utoto Mtakatifu kinaweza kutengeneza cha kwake kwa karatasi nene, penseli za rangi, sindano na uzi. Tupendekeze mfano wa MV Bukoba, wenye picha 12 kama mawe 12 ya Yoshua.

Picha ya 1: Ziwa Victoria asubuhi, wavuvi na mitumbwi. Mtoto aanze na ziwa kama zawadi ya Mungu.
Picha ya 2: Bandari ya Bukoba, tarehe 20 Mei 1996. Mikungu ya ndizi, mabegi, watu wakiagana.
Picha ya 3: Meli inapita Kemondo, na abiria wanaongezeka.
Picha ya 4: Usiku ziwani. Madirisha yenye taa, mama amempakata mtoto.
Picha ya 5: Asubuhi ya tarehe 21 Mei. Mwanza inakaribia, meli inaanza kulala upande.
Picha ya 6: Meli imepinduka, ikichorwa kwa mbali.
Picha ya 7: Waokoaji na walionusurika.
Picha ya 8: Watu ufukweni wakisubiri habari za ndugu zao.
Picha ya 9: Taifa linaomboleza kwa siku tatu, bendera iko nusu mlingoti.
Picha ya 10: Makaburi ya Igoma, Mwanza, walikozikwa wengi wa marehemu. Wakristo na Waislamu wamesimama pamoja.
Picha ya 11: Leo. Nahodha anahesabu abiria, mtoto amevaa jaketi la kujiokolea, na mtu mmoja anaambiwa asubiri safari inayofuata.
Picha ya 12: Familia imezunguka mshumaa. Chini yake pana nafasi tupu ya kuandika majina.

Kuna masharti machache ya kuzingatia. Kabla ya kutumia simulizi la mtu aliyenusurika au la familia iliyofiwa, ombeni ruhusa yao, na wasomeeni rasimu kabla haijaonyeshwa kwa wengine. Mtu akikataa kusimulia, aheshimiwe. Tarehe na idadi zihakikiwe. Jambo msilolijua kwa hakika, kama maneno ya mwisho ya marehemu fulani, lisibuniwe. Na kwa kuwa waliofariki walikuwa wa imani mbalimbali, kitabu kisiwageuze wote kuwa Wakatoliki.

Mpangilio huu unaweza kufuatwa kwa majanga mengine. Parokia za Dodoma zinaweza kuikumbuka ajali ya treni ya Igandu ya tarehe 24 Juni 2002, iliyoua watu 281. Parokia za Arusha na Karatu zinaweza kuikumbuka ajali ya basi la Shule ya Lucky Vincent huko Rhotia, tarehe 6 Mei 2017, ambamo walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Kwa ajali hii ya mwisho tahadhari iwe kubwa zaidi, kwa sababu waliokufa walikuwa watoto, na msomaji mdogo atajiona moja kwa moja katika nafasi yao. Hapo ni vema kutumia ukurasa mmoja kwa watoto watatu walionusurika na kupelekwa Marekani kwa matibabu, wakarudi nyumbani.

7. Mtoto aliyefiwa katika janga lenyewe

Yote yaliyotangulia yanahusu mtoto anayejifunza. Mtoto ambaye mzazi au ndugu yake alifia katika janga ni wa kutendewa tofauti. Asishangazwe na kitabu mbele ya darasa zima. Katekista azungumze na familia yake kabla, na mtoto mwenyewe aulizwe kama anapenda kuwepo. Asiitwe asimame kutoa ushuhuda. Akipenda kuandika jina la marehemu wake katika ukurasa wa mwisho, awe wa kwanza kupewa kalamu.

Zipo dalili zinazoonyesha kwamba mtoto anahitaji msaada zaidi ya kitabu: ndoto za kutisha zinazojirudia kwa majuma, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kukataa chakula au shule, kujitenga na wenzake, au kusema mara kwa mara kwamba anataka kumfuata aliyekufa. Dalili ya mwisho isingojewe hata siku moja. Mpelekeni katika kituo cha afya, mwone mtaalamu wa ushauri nasaha, na mtafuteni padre wa parokia. Sala na tiba havigombani.

8. Kumbukumbu inayogeuka sala

Katekisimu, namba 2223, inafundisha kwamba wazazi ndio wenye wajibu wa kwanza wa kuwalea watoto wao. Katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, sura ya saba, Baba Mtakatifu Fransisko aliwakumbusha wazazi kwamba haitoshi kujua mtoto yuko wapi kimwili. Wanapaswa kujiuliza yuko wapi rohoni mwake, katika matumaini, tamaa na hofu zake. Kitabu cha picha, kikisomwa taratibu, ni njia mojawapo ya kulijua hilo, kwa sababu mtoto akiiangalia picha husema mambo ambayo asingeyasema akiulizwa moja kwa moja.

Kwa hiyo tunapendekeza kila familia ichague siku moja katika mwaka. Inaweza kuwa siku ya kumbukumbu ya janga lililoigusa familia hiyo, au tarehe 2 Novemba, Kanisa linapowakumbuka Marehemu Wote. Kitabu kisomwe, majina yatajwe, fumbo moja la Rozari lisaliwe, na inapowezekana nia ya Misa itolewe. Mtoto akiwekewa desturi hiyo mapema atajua kwamba marehemu wa taifa lake hawakusahauliwa, kwamba anaweza kuwatendea jambo jema hata leo, na kwamba uhai wa abiria mmoja una thamani kuliko nauli yake.

Mwenyezi Mungu awajalie marehemu wetu wote pumziko la milele, na awape wazazi na makatekista wetu hekima ya kuwasimulia watoto ukweli katika upendo. Amina.